Siku Sifuna Alipomshika Mama Mkono

Plagi mpya za gari ziliniponyoka zikaangukia matope ya zizi, na sikuinama kuziokota. Mbele yangu, uani kwetu, mchana kweupe, mume wangu Sifuna alikuwa ameingiza nusu ya mwili kwenye dirisha la pikapu, na mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa mama yangu. Aliubana pale pale kwenye ufunguo. Nilijiambia leo kuna mtu amerukwa na akili, ila sikujua ni yeye au ni mimi.

Ili ushtuke kama nilivyoshtuka, lazima umjue mama kwanza.

Anaitwa Gladwell. Aliletwa Trans-Nzoia kutoka Nyandarua akiwa bibi arusi, kwenye kipande cha shamba nje ya Kitale kilichokuwa magugu matupu. Baba yangu, Waithaka, ndiye aliyenunua pikapu, pijo kuukuu, lakini aliyeiendesha ni mama. Kila asubuhi alipakia mikebe ya maziwa, akafunga kitambaa kichwani, akateremka nayo barabarani akipiga honi hata pasipo na mtu. Kazi ya baba ilikuwa kuitengeneza, yaani kuifungua, kuitukana na kuifunga tena. Maziwa ndiyo yaliyotulisha, na bila gari hilo yangechacha mlangoni. Mama alizaa mabinti watupu. Nilipomwambia nimepata mchumba, hakuuliza kama ana shamba. Aliuliza, "Atakuwa ananiita mama?"

Mwaka wa 2003 nikamletea Sifuna, mkulima wa miwa wa Bokoli. Mama alimkimbilia getini mikono wazi. Sifuna akarudi nyuma, akageuza uso, akajibanza nyuma ya mgomba. Kwao Wabukusu mkwe hamshiki mama mkwe mkono, hali naye meza moja, hata usoni hamtazami. Ni heshima kubwa. Nilimweleza mama, akasema ameelewa. Uongo! Hakuelewa hata kidogo.

"Ati heshima," alininong'onezea jikoni. "Heshima gani hiyo ya kunikimbia kama nimemshikia panga?"

Basi nikawa mpeleka maneno. "Lorraine, muulize kama atakunywa chai." Na mwenyewe amesimama hapo, anasikia. "Lorraine, mwambie asante." Na mama naye anasikia. Jamani, nilichoka. Na nilimwona mama akizidi kunyong'onyea kila tulipokwenda.

Sasa, jioni kabla ya siku hiyo ya plagi, Sifuna alikuwa amemletea mama zawadi: mtungi wa manjano uliojaa molasi, ile shira nyeusi nzito ya miwa ambayo ng'ombe akinyunyiziwa kwenye majani hula mpaka akalamba sakafu. Kwa kuwa hangeweza kumkabidhi mwenyewe, alimpa baba. Baba akasema, "Weka hapo ghalani, nitamwambia." Sifuna akauweka kando ya mtungi mwingine wa manjano, ule wa oili ya gari. Baba hakumwambia mtu. Kulipokucha akamwita mama kwa sauti kutoka kitandani:

"Mama Lorraine! Ongeza oili kwa gari. Iko kwa ule mtungi wa manjano!"

Mama akaongeza. Alipowasha, injini iliguna, taa nyekundu ikawaka, na chuma kikaanza kugonga chuma huko ndani. Akazima haraka. Baba akatoka na spana zake. Alisafisha vichwa vya betri. Akachungulia maji ya rejeta. Akachomoa plagi moja, akainusa, akaifuta kwa suruali, akatangaza kama daktari, "Ni plagi. Zimekufa." Nikatumwa mjini. Mikebe ya maziwa ilikuwa imepangwa ukutani na kivuli kilikuwa kinaisha.

Yaliyofuata nimeyapata kwa wao watatu. Baba hakuwa na subira ya kuningoja. Alimkalisha mama kwenye usukani, yeye akazama chini ya boneti. Washa! Zima! Washa tena! Sifuna alikuwa amesimama mbali kando ya zizi, amempa mama mgongo kama desturi inavyotaka. Macho yake yalikuwa huko kwa ng'ombe, lakini pua ikaanza kumsumbua. Sukari ilikuwa inaungua mahali. Mtu aliyekulia kwenye miwa hawezi kuikosea harufu hiyo. Akaingia ghalani. Mtungi wa oili ulikuwa umejaa. Wake ulikuwa nusu.

Alitoka mbio. "Baba, ngoja! Musiwashe!"

"Kaa kando wewe," baba akajibu kutoka chini ya boneti. "Hii si miwa." Kisha akapaza sauti, "Mama Lorraine, washa! Na saa hii kanyaga mafuta mpaka mwisho!"

Sifuna anasema alitazama getini kunitafuta, ili nimwambie mama. Hakuniona. Mkono wa mama ulikuwa tayari kwenye ufunguo.

"Mama! Toa mukono! Mama!"

Hapo ndipo nilipoingia na plagi zangu.

Ufunguo ulichomoka. Baba aliinua kichwa akakigonga kwenye boneti, akaja ameshika spana, uso umemvimba. "Unafanyia bibi yangu nini? Ee? Kwangu?" Sifuna alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba umeungua. Niliogopa. Naapa nilidhani ndoa yangu imeishia hapo kwenye matope. Kisha akakimbilia ghalani, akarudi na mtungi, akauweka miguuni pa baba.

Baba aliutazama. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka na uji mweusi unaovutika. Akaunusa. Halafu, Mungu ni shahidi, akaulamba.

"Ni tamu," akasema. "Ngai! Injini ni tamu!"

Sisimizi walikuwa tayari wamepanga mstari kwenye gurudumu la mbele, na hakuna aliyekuwa amewaona. Baba akaketi chini polepole. Nadhani ndipo alipokumbuka. "Ni mimi nilisema nitamwambia," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Mama hakuwa amesogea. Nilifungua mlango wa pikapu nikitarajia matusi. Alikuwa ameuweka ule mkono mapajani, ameufunika kwa mwingine.

"Lorraine, ameniita nani?"

"Amekuita mama."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Na majirani pia wamesikia."

Akavua kitambaa kichwani akajifunika nacho uso, akalia. Nilisimama pale kama mjinga. Kumbe muda wote huo alikuwa akisubiri kitu kidogo hivyo.

Jirani yetu Kibiwott alipeleka maziwa kwa trekta. Baba na Sifuna walimwaga ule uji, wakaosha injini kwa maji moto, kwa dizeli, kwa oili mpya, na jioni ikaamka ikikohoa. Kwa wiki nyingi mama alipita barabarani akinukia kama duka la mikate. Lakini Sifuna alikataa kula. Alijificha nyuma ya ghala akisema ameharibu, ati mkwe hagusi hivyo, lazima alete mbuzi wa kumwomba mama msamaha.

Na alimleta. Alisimama getini, ametugeuzia mgongo, kamba ya mbuzi mkononi. Nikajiweka tayari kupeleka maneno. Mama akatoka jikoni, akanipita, akaelekea moja kwa moja kwake, na moyo wangu ukaruka: anaenda kumkumbatia, tumekwisha!

Akasimama katikati ya ua. Akageuka taratibu, naye akampa Sifuna mgongo. Wakawa hivyo, mgongo kwa mgongo, mbuzi katikati anatafuna maua ya mama, na mama akaliambia zizi kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Kibiwott:

"Karibu nyumbani, mwanangu."

"Asante, mama," Sifuna akaliambia geti.

Hakuna aliyenituma neno.