Uani kwa Kulsumbai

Siku ile Consolata hakuwa na habari ya kiwanja cha michezo. Alikuwa akimkimbiza mjukuu wake, Queen, mtoto wa miaka mitatu ambaye ukimshika mkono analia, ukimwachia anatimua mbio. Walikuwa wametoka kumpelekea Leticia, mama yake Queen, chakula kazini kwake Raskazone, nao wakawa wanarudi taratibu, wakifuata vivuli vya miti mbele ya zile nyumba kuukuu zenye vibaraza virefu. Ghafla mtoto akapenya kwenye geti lililokuwa nusu wazi, akatoweka.

Consolata akaingia nyuma yake huku akipiga hodi, kisha akasimama kama aliyesahau alichokuja kufanya. Nyuma ya nyumba, mahali ambapo mpita njia asingeweza kupaona, palikuwa na uwanja wa mchanga uliotandwa na kivuli cha mti wa mkungu. Palikuwa na slaidi ya saruji iliyolainishwa na makalio ya watoto wa miaka mingi, matairi yaliyofukiwa nusu, na bembea mbili za kamba. Kina mama wawili walikuwa wamekaa mkekani, watoto wao wakichimba mchanga. Upepo wa baharini ulipita juu ya ukuta, na kelele za bodaboda zilisikika kwa mbali sana, kana kwamba ni za mji mwingine.

Barazani alikuwapo bibi wa Kihindi, akichambua mchele kwenye sinia.

"Shikamoo, mama. Niwie radhi, mtoto amenitoroka."

"Marahaba. Hajatoroka huyo, amefika," akajibu Kulsumbai, wala hakuinua macho. "Kaa upumzike."

Siku zilivyokwenda, Consolata akajua kwamba uwanja ule aliutengeneza marehemu Aliasgar, mume wa Kulsumbai, kwa ajili ya watoto wao. Watoto walikua, wakahamia ng'ambo. Mzee akakataa katakata kuvunja chochote. Akaacha geti wazi, na majirani wakaambizana kwa midomo. Kibao hakikuwekwa hata siku moja.

Kila walipokuja, Queen alicheza na Consolata alisimama. Hakujua kukaa bure. Alikuwa kifungua mimba wa manamba aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge mashambani Muheza. Mama yake naye alikwenda shambani, kwa hiyo tangu Consolata alipopata nguvu za kubeba, alibeba. Mdogo mmoja akishuka mgongoni, mwingine anapanda. Wenzake wakicheza rede kambini, yeye alikuwa pembeni, akiyumba huku na huku, akimpigapiga mtoto alale.

Alasiri moja Kulsumbai akamwonyesha bembea kubwa iliyoning'inia barazani. Ilikuwa ya mbao za mvule, pana kama kitanda, na minyororo yake ilikuwa ya shaba.

"Hii si ya watoto," akasema. "Kwetu mtu mzima akishakula hukaa hapa, akapumua. Njoo, kaa."

"Mimi, mama? Mimi nina mjukuu!"

"Na mimi nina kitukuu. Kaa, nakwambia. Mtoto nitamtazama mimi."

Consolata akaketi ukingoni kwa haya, ameikunja khanga magotini. Akasukuma sakafu kwa kidole cha mguu. Bembea ikaenda, ikarudi. Akajiegemeza. Ikaenda, ikarudi. Akajinyoosha, na safu za mkonge zikaanza kupita machoni pake, ndefu, za kijani, kisha za samawati, mpaka hakujua tena kama ni mkonge au ni maji, nao mgongo ukawa mwepesi kama umefunguliwa fundo.

Aliposhtuka, kivuli cha mkungu kilikuwa kimefika ukutani, na uwanja ulikuwa kimya.

"Queen!" akaita.

"Shhh," ikajibu sauti ndogo nyuma yake.

Akageuka. Queen na watoto wenzake walikuwa wamejipanga nyuma ya bembea, viganja vyenye mchanga vimegusa mbao, wanamsukuma polepole, kwa utulivu ambao hakuna mtu angeutarajia kwao. Kulsumbai alikuwa amekaa karibu nao, kidole mdomoni.

"Bibi, bado," Queen akanong'ona. "Lala."

Consolata alitaka kuinuka, mwili ukakataa. Hakuna mtu aliyewahi kumbembeleza, au kama yupo, ilikuwa kabla hajawa na kumbukumbu. Akajilaza tena, macho wazi, machozi yakimteremkia masikioni, na asione haya.

Leticia alipohadithiwa alicheka. "Mama, unalala kwa watu?" Lakini siku yake ya mapumziko alikuja mwenyewe, akavua viatu, akakaa kwenye ile bembea ubavuni kwa mama yake. Queen akawarukia mapajani. Minyororo ikalia.

"Leteni mafuta ya nazi," akaagiza Kulsumbai, akijipenyeza kwenye bembea naye apate nafasi. "Hii minyororo haijabeba familia nzima siku nyingi."