Kilomita Ishirini na Mbili kwa Lita

Tangazo lilisema kilomita ishirini na mbili kwa lita moja ya petroli. Nililisoma kwenye simu mara nyingi kiasi kwamba nililikariri kama mstari wa Zaburi. Gari lenyewe lilikuwa jeupe, dogo, la injini ya lita moja, lililotumika Japani miaka kadhaa kabla ya kunifikia. Mimi ni muuguzi. Nakaa Vwawa, kazi yangu iko Tunduma, na nilikuwa nimechoka kusubiri usafiri nikiwa na sare za zamu mkononi.

Lilipofika nililipenda. Kisha nikaanza kulipima. Nilijaza tanki mpaka pampu ikakata yenyewe, nikaandika kilomita, nikaenda na kurudi kazini wiki nzima, nikajaza tena na kugawanya. Kumi na mbili. Nikafikiri nimekosea hesabu, nikarudia wiki iliyofuata. Kumi na mbili na kidogo.

Fundi wangu alibadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, akalizunguka gari mara mbili na kufunga boneti.

"Dada, gari ni zima kabisa," alisema. "Haya magari yanakuja na maneno ya kwao. Yakifika hapa yanakula kama sisi."

Nilicheka, lakini rohoni niliona nimedanganywa.

Jumamosi moja mama mdogo akanipigia kutoka Ihanda. Huyu ni mdogo wake mama yangu, mzao wa mwisho, mkulima wa mahindi na kahawa kama jirani zake wote. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha lori la kubeba kahawa, mwanamke peke yake kati ya madereva wanaume, na leseni yake anaihuisha mpaka leo. Binti yake aliyeolewa Ikinga, kule Ileje, alikuwa amejifungua.

"Una kigari sasa," aliniambia. "Nipeleke nikamwone mjukuu wangu."

Nilipofika kwake asubuhi, hata shikamoo yangu haijamalizika kuitikiwa alikuwa ameshainama kwenye tairi la mbele, analibonyeza kwa kidole gumba. Akafungua buti. Mlikuwa na nusu gunia la mahindi niliyosahau kupeleka mashineni, ndoo mbili za rangi, na matofali manne ya kuzuia gari mlimani.

"Hivi vyote vinakwenda kumwona mtoto?"

Tuliviteremsha vyote isipokuwa tofali moja. Njiani, tukiwa katikati ya malori yanayokwenda mpakani, nilimweleza habari za ile ishirini na mbili na kumi na mbili yangu. Alikuwa anatazama miguu yangu. Lori la mbele likisogea, nami nilisogea kwa kasi, kisha nikashika breki. Likisogea tena, nami vilevile.

"Mwanangu," alisema tulipofika Mpemba, "unayanunua mafuta halafu unayamwaga. Unakanyaga kwenda, kisha unakanyaga kusimama. Ingia hapo sheli, jaza upepo, jaza na tanki. Halafu unipe usukani."

Sikubisha. Mhudumu alijaza mpaka pampu ikakata, nikaweka kilomita kwenye sifuri. Mama mdogo alivua viatu, akavipanga chini ya kiti cha nyuma, akaweka nyayo zake tupu kwenye pedali kama mtu anayepima joto la maji ya kumwogesha mtoto.

Nimepanda magari ya watu wengi, na kwa kazi yangu nimepanda hata ya kukimbiza wagonjwa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Tuliiacha barabara kuu tukashika ya Isongole, na gari langu likabadilika. Halikunguruma. Kila tulipokaribia kichwa cha mlima aliondoa mguu kabla hatujafika juu, na gari likamalizia lenyewe, likavuka taratibu na kuanza kuteremka. Kona alikuwa ameshaijua kabla haijaonekana, na alikuwa ameshapunguza kabla sijaiogopa. Nilianza kuhesabu breki. Kutoka Mpemba mpaka Isongole alizigusa mara nne, na moja ilikuwa kwa ajili ya mbuzi.

Kwenye mteremko mkali alishusha gia, injini ikalishikilia gari.

"Wengine si hutoa gia wakaweka fri ili kubana mafuta?" niliuliza.

"Huweka," alisema bila kuondoa macho barabarani. "Wawili nimewazika. Mteremko hauchezewi, mama. Injini ndiyo inayokushika."

Ukungu ulikuwa bado haujainuka mabondeni. Vilima vya Ileje vilikuwa vinatokeza kimoja baada ya kingine, na nyuma yake vile vya Malawi, na yule mama mfupi, kitenge kiunoni, anavipanda na kuvishuka bila haraka, bila kelele. Nikajikuta nimekaa wima kama niko kanisani. Njia ile nilikuwa nimeshaipita mara kadhaa, lakini sikuwa nimewahi kuliona umbo lake.

Ikinga tulikunywa uji, tukambeba mtoto kwa zamu, tukasali, na mchana tukageuza. Alirudi yeye vilevile kwenye usukani. Mpemba tukasimama kwenye pampu ileile, na mhudumu akajaza mpaka ikakata. Kilomita mia moja arobaini na nane. Lita saba nukta sita. Niligawanya kwenye simu, nikagawanya tena, kisha nikamwonyesha.

"Kumi na tisa na nusu, mama mdogo. Kwenye milima ya Ileje!"

Mwenyewe hakufurahi. "Na zile mbili na nusu zimekwenda wapi?"

Nilikuwa nimesoma jinsi wanavyopima kiwandani, nikamweleza. Gari huwekwa ndani ya jengo, magurudumu yakazunguka juu ya mapipa ya chuma, hakuna mlima, hakuna upepo, hakuna lori mbele.

Alinitazama akidhani namtania. "Gari limesimama ndani ya nyumba?"

"Ndiyo."

"Na linahesabiwa kilomita?"

"Ndiyo, mama mdogo."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Basi Ikinga hawajafika hao!"

Nilijifunza polepole. Siku za foleni kubwa Tunduma napata kumi na tano, siku nzuri kumi na saba. Kumi na tisa sijawahi kuigusa, na tangazo silichukii tena.

Miezi michache baadaye nilimpeleka Ikinga kwenye ubatizo wa yule mtoto, safari hii nikiendesha mimi, peku. Baada ya Isongole nilimwuliza jambo, akakaa kimya. Nilipogeuka alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo. Jioni binti yake aliposikia aliweka sufuria chini na kuniangalia.

"Mama? Amelala kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine?" aliuliza. "Mimi sijawahi kumwona."