Bushi Niliyokata kwa Tairi

Jameni, kosa lilikuwa langu na sitamtupia mtu mwingine. Jina langu liacheni tu, maana hapa Otonglo bado nina wateja, na mama mkwe wangu bado ana masikio makali.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa baisikeli kando ya barabara ya kwenda Busia, na zile nyeusi nzito za karia kubwa ningezifungua hata nikiwa nimefunga macho. Nilikuwa namchumbia msichana wa kijiji cha jirani, tumwite Atieno. Kwao walikuwa wamenikubali nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa kwa kaka yake, Ochieng.

Ochieng alikuwa ametoka masomoni ng'ambo na baisikeli ya milimani. Chini ya kiti ilikuwa na shoku yake ya kumeza mashimo ya barabara, kama pikipiki! Yawa! Watu waliacha chakula wakaja kuibonyeza.

Shoku ya zamani ilikuwa imechoka, akaniletea mpya pamoja na pakiti ndogo: bushi mbili, vile vijibomba vya kupitishia bolti, za kuingia kwenye matundu ya shoku, juu na chini, vipete vya kukaa kando, na bolti zake.

"Shemeji, nifungie hii," akasema mbele ya watu. "Jumamosi unaleta ayie kwa mama. Nataka nimwambie mkono wako ni wa kuaminika."

Ayie ni ile zawadi ya kwanza ya kumwomba mama ya msichana akubali. Bila hiyo hakuna harusi. Sasa mnaona nilikuwa nimeshika nini mkononi.

Bushi ikakataa kuingia. Ilitaka kubanwa kwa vaisi, polepole, ikiwa imenyooka. Vaisi ilikuwa kwa jirani yangu mchomeleaji, na tulikuwa tumekosana juu ya jogoo wake. Mimi fundi mzima nikamwombe yule? Nikachukua nyundo. Paa! Paa! Ya kwanza ikapinda mdomo, nikaisukumiza hivyo hivyo. Ya pili, ole wangu, ikapasuka.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema! Nilikata kipande cha tairi kuukuu la lori nililolitoa huko Mamboleo, nikakichonga, nikakitoboa katikati, nikapitisha bolti, nikapaka grisi mpaka ikapendeza. Kwetu tairi lilitengeneza kila kitu, kuanzia viatu mpaka bawaba za mlango.

Ochieng alipokuja nilimwangalia machoni. "Shemeji, bushi zako zimekaa kama zimezaliwa hapo."

Akafurahi mpaka akataka nimwekee na karia. Nikaweka! Ujinga hauna breki.

Ijumaa mama yao alikuja sokoni kununua samaki wa wageni. Sisi Waluo, kijana hamkaribii mama mkwe. Ukimwona njiani unapita kando, na kumgusa ni mwiko kabisa. Niliposikia sauti yake nikajibanza nyuma ya magurudumu.

"Ochieng, mimi sipandi hii kitu."

"Panda, Mama. Hii ni kama kiti ya sofa."

Akapanda, beseni la samaki mapajani. Walipofika kwenye shimo, mbele ya kibanda changu, kile kipande cha tairi kikabonyea, bolti ikakatika. Baisikeli ikaketi chini, mama akateleza, na mimi, kabla akili haijafika, nikaruka nikamdaka! Samaki wawili, mbuta wakubwa, wakaruka kutoka kwenye beseni wakaangukia kwa muuza nyanya.

Mama akafungua jicho moja.

"Nani huyu amenishika?"

"Ni... ni fundi tu, Mama."

"Mama, si ni huyu anataka kuoa kwako!" muuza nyanya akapaza sauti.

Mama alitoka mikononi mwangu mbio kuliko msichana. Ochieng akainama, akaokota kile kipande cha tairi, akakigeuza. Nilingoja kofi. Badala yake akaingiza mkono kwenye begi, akatoa pakiti nyingine, haijafunguliwa.

"Shemeji, nilinunua mbili. Hata mimi niliwahi kupasua hizi vitu. Ungeniambia tu."

Kofi lingeniuma kidogo kuliko hayo maneno. Kisha mama, akiwa amenipa mgongo, akasema:

"Ochieng, mwambie huyo kijana. Kama anaficha bushi, siku mtoto wangu akigonjeka huko kwake, nani ataniambia?"

Ayie ikasongezwa mpaka baada ya mavuno, na Atieno akaninunia. Siku aliposimuliwa vizuri jinsi nilivyodaka, alicheka akashikilia ukuta, nikajua nimepona. Tulioana, asante Mungu. Siku hizi mtoto akipiga chafya tu, natuma habari kwa bibi yake!

Mafundi, wachumba, nisikieni. Ukiharibu kitu cha mtu, sema mapema, hata kama mate yamekauka. Mimi nilikwepa aibu ya mtu mmoja, nikaipata ya soko zima, nikiwa nimembeba mama mkwe.