Sare za Watoto Asiowajua

Niliporudi Kamembe kutoka chuo kikuu, kaka yangu alikuwa ametoka hospitali. Dawa zilikuwa zimetuliza sauti alizokuwa akizisikia, lakini karakana ya ushonaji alikofanya kazi tangu ujana ilikuwa bado haijamrudishia cherehani yake. Mzee mwenye karakana alitoa sharti: kabla shule hazijafunguliwa, kaka ajifunze kukata sare za saizi mbalimbali kwa patroni moja tu ya kila vazi, vielelezo vya karatasi ya mfuko wa saruji vilivyotundikwa ukutani. Akishindwa, cherehani atapewa mwingine.

Shangazi alisema ni majini, apelekwe Nyakabuye akaogeshwe kwenye chemchemi ya maji ya moto. Nesi wa hospitali alisema ni skizofrenia, na kwamba ugonjwa huo humwachia mtu mambo ya kushika kwa mkono na kumnyima yale ya kuwaza tu. Alimpima mbele yangu kwa methali.

"Haba na haba hujaza kibaba. Maana yake nini?"

"Siku hizi tunapima kwa kilo," kaka alijibu.

Nesi akatikisa kichwa. Nikamuuliza amejuaje kwamba ni ugonjwa uliojibu, si mtu aliyechoshwa na methali.

"Msomi, na wewe nikupime?"

Nilitoka pale na hasira, nikiapa kumfundisha mwenyewe. Nilitandaza magazeti sakafuni, nikamweleza kwamba saizi ni wazo: ongeza vidole viwili begani, viwili ubavuni, umepata saizi inayofuata. Shati alilikata vizuri. Nilipompa patroni ya sketi, aliniangalia kama vile hatujawahi kuzungumza.

"Ongeza vilevile," nilimwambia.

"Ya nani?"

"Si ya mtu. Ya saizi."

"Saizi haivai nguo, mdogo wangu."

Tulirudia hayo kila siku. Nilipandisha sauti mpaka mama akatoka jikoni. "Unamupigia makelele kama vile ugonjwa alichagua," alisema. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nesi huenda alikuwa sahihi, na sikutaka awe sahihi.

Kisha, kwa kukata tamaa, nikamwambia akate sketi ya binti wa jirani. Aliikata bila kupima, na ilimkaa yule binti sawasawa. Nikaona nimemaliza kazi.

Siku ya jaribio mzee alimpa kaka mkasi. "Kata sketi ya mutoto wa miaka kumi."

Kaka akasimama tu. Nikadakia, "Ya binti wa jirani."

"Msomi, nani amekuuliza?" Lakini kaka alikuwa ameshakata, na kitambaa hakikuwa na kasoro. Mzee akakigeuza huku na huku. "Sasa ya miaka kumi na mbili."

"Ya dada yake," nikasema.

"Acha. Shule iko na batoto mingi. Utakuja kumutajia jirani kwa kila mumoja?"

"Na hawa mafundi wako, wote wanaelewa saizi ni nini?"

"Banaelewa kunyamaza." Mafundi wakacheka. Mzee akachukua mkasi mkononi mwa kaka. "Kukata, hapana. Atashona yenye bengine bamekata. Cherehani ni yake."

Nilianza kubisha. Mtu anayekata nguo ikamkaa mvaaji sawasawa, ananyimwaje mkasi? Nani aliamua kwamba akili ni kumkatia mtoto ambaye hujawahi kumwona? Mzee alikuwa ameshageukia mteja. Nikamgeukia kaka ili anisaidie kubishana. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, anatia uzi kwenye sindano.

"Sogea kidogo," aliniambia. "Unaniziba mwanga."