Paji la Uso la Hamdun

"Babu, wewe ulikuwa mchoma sindano wa jeshi. Mbona unaogopa sindano?"

Tamima alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo, mkono umemvimba kwa chanjo, nje ya zahanati moja ya mji wa Ibra, Oman. Mzee Khelef alikuwa amekataa kuingia naye ndani. Alikuwa amemngoja garini, juani, madirisha yamefungwa. Alimpa juisi, akawasha gari.

Swali lile likawa mzaha wa nyumbani. Kila Idi, ami yake Aflah hakosi kulitoa: "Jeshi gani hilo, baba, lililokuandika wewe?" Watu hucheka mpaka kahawa imwagike. Khelef naye hucheka, lakini Tamima aliona kwamba anacheka kwa meno tu.

Khelef alizaliwa Malindi, Unguja, akaja Oman kijana wa miaka ishirini, Kiarabu chake cha kubahatisha, watoto wa mtaani wakimtupia kokwa za tende. Aliyemtaka ni jeshi tu. Wakamfunza kufunga majeraha na kuchoma sindano, wakampeleka kwenye vita vya milima ya kusini. Aliporudi akafungua duka la vipuri vya magari, akaoa, akazaa. Habari aliyoitoa ilikuwa hiyo, basi.

Miaka minane baada ya swali lile, saratani ikamwingia mifupani. Daktari aliandika mofini, sindano ya kutuliza maumivu. Khelef akakataa. Kila alipogeuzwa kubadilishiwa shuka aliuma kilemba chake asisikike, na bado alisikika hadi mwisho wa ujia.

"Utatuua na sisi, mwanamume wewe!" Bibi Kaltham, mkewe, alimfokea. "Kama unajitesa, jitese kimya."

"Mwacheni shujaa wa sindano," alisema Ami Aflah kutoka mlangoni. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tamima hakujua la kufanya ila kusoma. Shuleni walitakiwa kuandika kazi ya historia, wachague wenyewe. Akachagua afyuni katika majeshi ya zamani, na asubuhi moja akamletea babu daftari kitandani, akiamini akimsomea atakubali.

"Sikiza, babu. Mofini inatoka kwenye afyuni. Askari wa zamani walipewa vidonge vyake kwa majeraha, kwa kuhara, hata kwa kikohozi. Sasa kama iliwafaa wao..."

"Umeandika habari ya alama?"

"Alama gani?"

Khelef alivuta pumzi kidogokidogo, kama anayepita juu ya vigae vya chupa.

"Ukimchoma mtu vitani, unamwandika herufi mim, ya mofini, kwenye paji la uso. Mwenzako akimkuta, ajue. Sindano moja inatuliza. Mbili zinakata pumzi." Akalamba midomo. "Alikuwapo Hamdun, wa Izki. Yeye ndiye aliyenifundisha Kiarabu cha kambini. Matusi kwanza, kisha salamu. Siku hiyo bomu lilimvunja mikono yote miwili. Nilimkuta nyuma ya jiwe, uso mzima damu. Nikamwuliza, umechomwa? Akanambia, alasiri imeingia, nitayamamishe nisali, ndugu yangu, mikono sina."

"Ukamtayamamisha?"

"Maji hayakuwapo. Nikapiga viganja mchangani, nikampangusa uso, toka paji hadi kidevu, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto. Ndipo nikatazama paji. Safi. Nikamchoma."

Tamima alifunga daftari.

"Alisali rakaa moja. Ya pili akasinzia. Akanambia, ahsante, Khelef, maumivu yamekwisha. Nikafurahi, unanisikia? Nikafurahi! Nimekaa nimempakata kichwa, mara Thuwaini, mchoma sindano mwenzangu, akaja mbio na maji. Akanambia, huyo nimeshamchoma, alama yangu huioni? Kumbe alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu ya ramani, juu ya damu. Nikatazama kiganja changu. Damu imeshakauka, nyeusi. Katikati yake wekundu wa wino."

"Mlisema?"

"Waliandika kauliwa na adui. Thuwaini alinyamaza mpaka kaburini. Mimi nilikwenda Izki kutoa mkono wa pole. Mamaake alikuwa ameshasikia kuwa ndimi niliyemtayamamisha mwanawe. Akanilisha. Halafu akanibusu mkono huu." Akaunyanyua wa kulia, ukiwa mifupa mitupu, ukamshinda, ukaanguka.

Muuguzi aliingia na sinia, sindano tayari, kama alivyoingia kila asubuhi.

"Mzee, leo vipi?"

Tamima alimtangulia babu kusema. Alichomoa kalamu ya wino usiofutika mkobani mwake.

"Babu, nitakuandika mimi. Hapa pajini, mim kubwa. Nitakaa papa hapa, sitoki, sitaki chakula. Hakuna atakayekuchoma mara mbili, wallahi. Si hiyo unayoiogopa?"

Khelef aliitazama kalamu, kisha akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza Tamima hakuyaona meno yake alipocheka.

"Ya pili siiogopi, mjukuu wangu. Naogopa hiyo ya kwanza. Itanituliza, na nitafurahi, kama nilivyofurahi siku ile, Hamdun akinifia mapajani. Mwambie aondoke nayo."