Mpaka Faini Ifike

Ikupa Kibona alizaliwa Ileje, akajifunzia udereva kwenye lori la kahawa la mjomba wake, na alipoolewa Tunduma akapata kazi ya kufundisha katika chuo kimoja cha udereva nyuma ya maegesho ya malori. Mwalimu mwanamke alikuwa yeye peke yake. Wanafunzi wanaume, siku ya kwanza wakimwona, walikuwa wanaangaza macho kutafuta mwalimu mwingine. Gari likishawazimikia katikati ya barabara, malori yakipiga honi nyuma, na yeye akiwaelekeza taratibu mpaka liwake, wanaacha kutafuta. Walimwita madamu.

Mwenye chuo, Raphaeli, alikuwa akimsifu mbele za wageni. Gari la madamu halijawahi kurudi na mkwaruzo, alisema.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, Ikupa alimtoa mwanafunzi mmoja, Ombeni, kwenda kuizoea barabara kuu. Ombeni alikuwa shemeji yake Raphaeli, mtu mzima mwenye mke na watoto, na duka moja la vipuri lilikuwa limemwahidi kazi ya udereva mara tu akipata leseni. Wakiwa kwenye mteremko wa kuingia Ihanda, Ikupa akamwambia apunguze mwendo, pale mwisho ni hamsini. Ombeni akababaika. Badala ya breki akakanyaga mafuta. Ikupa akakanyaga breki ya upande wa mwalimu na gari likatulia, lakini mbele yao trafiki alikuwa amesimama kivulini, tochi ya kupimia mwendo mkononi, amewaelekezea wao.

Ikupa alimwambia Ombeni aweke gari pembeni, maana aliona lazima watasimamishwa. Trafiki hakuwasimamisha. Aliwapungia mkono wapite, akaligeukia basi lililokuwa linakuja nyuma yao.

Kama wangesimamishwa, mambo yangeishia palepale. Siku hizi unaweza kupigwa tochi ukaenda zako, kisha faini ikaja kuingia kwenye namba ya gari baadaye, mwenye gari akaiona kwenye simu. Au isiingie kabisa. Huwezi kujua.

Ikupa mwenyewe ndiye aliyempa Raphaeli habari, jioni ileile. Alimweleza kwamba Ombeni alibabaika, kwamba hakuna aliyeumia, na kwamba ni vizuri arudie mazoezi ya mteremko kabla ya kupelekwa kwenye mtihani. Raphaeli akamwita Ombeni pembeni. Ombeni akasema yeye hakuwa kwenye usukani. Madamu ndiye aliyekuwa anaendesha, alikuwa anamwonyesha.

Asubuhi Ikupa alipofika hakukuta ufunguo wa gari kwenye msumari wake. Ufunguo alikuwa amepewa mwalimu mwenzake, Isaka. Yeye alikabidhiwa chaki, akaambiwa atafundisha alama za barabarani darasani mpaka ijulikane.

"Ijulikane nini, bosi?" aliuliza.

"Kama faini itafika au haitafika," Raphaeli akamjibu, na wala hakumwangalia usoni.

Tangu hapo Raphaeli akifika kazini, kabla hajakaa, anaingiza namba ya gari kwenye simu. Walimu wanamtazama. Akitikisa kichwa, kila mtu anaendelea na kazi yake, na Ikupa anarudi darasani kuchora kivuko cha waenda kwa miguu. Wengine walimuuliza kwa utani kama mzigo wake umeshafika. Hakucheka. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba faini haimuumizi kichwa hata kidogo. Kinachomchoma ni kufungwa kwanza, kesi ije baadaye.

Mwisho akapanda gari mpaka Ihanda na kumkuta trafiki yuleyule. Alimsalimia kwa heshima, akamweleza. Yule askari alimsikiliza vizuri, akasema magari yanayopita pale ni mengi, hawezi kukumbuka moja. Tena akamwambia, picha inaonyesha gari na namba yake. Mara nyingi uso wa dereva hauonekani.

Ikupa alirudi Tunduma amevimba kwa hasira. Alimkuta Raphaeli ofisini na Ombeni akiwa pale, amekuja kuulizia tarehe ya mtihani. Hakukaa.

"Bosi, hiyo faini unayoisubiri haijui nani alishika usukani," alisema. "Inaijua namba ya gari tu. Ije isije, haitakwambia kitu. Wewe ndiye unanijua, na umeacha kuniuliza mimi, unauliza simu."

Raphaeli akasema wasubiri. Ombeni aliinama akafunga kamba ya kiatu.

Mvua zikaanza, watu wakaingia mashambani. Faini haikuja. Asubuhi moja Raphaeli alitoka ofisini amechangamka, akamnyooshea Ikupa ufunguo. Akamwambia mambo yamekwisha, gari liko safi, arudi barabarani. Alisema kama mtu anayesamehe.

Ikupa anasema hapo ndipo alipokasirika kuliko siku zote zile. Aliuacha ufunguo mkononi kwa Raphaeli. Akasema hataupokea mpaka Ombeni aseme ukweli mbele ya walimu wote, palepale alipowekewa yeye chaki mkononi. Raphaeli alimwomba wayaache, ni mambo ya familia. Ikupa akaenda kukaa kwenye benchi, na wanafunzi wake wakakaa naye. Hapakuwa na mazoezi asubuhi ile.

Kufika mchana Ombeni aliletwa. Alisimama mlangoni akitazama chini.

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha," alisema. "Niliogopa nitanyimwa mtihani. Madamu aliniokoa kwa breki."

Raphaeli alikohoa, akauweka ufunguo juu ya meza. Ikupa akauchukua, akamwita mwanafunzi aliyefuata zamu.

Alimaliza msimu pale, maana wanafunzi wake hawakuwa na kosa, kisha akahamia chuo kingine huko Mlowo. Raphaeli hakuwahi kumwomba radhi. Alimwongezea mshahara, naye akaona hilo ni tusi jingine. Ombeni alipata leseni yake. Siku hizi Ikupa hukutana naye sokoni, wanasalimiana vizuri, anamuulizia watoto. Raphaeli wakikutana anampa mkono tu, anaondoka.