Nilinyamaza, Wakaleta Kuni

Mjukuu wangu wa miaka minne alimwita mwalimu wake wa chekechea "kichwa maji". Mwalimu akamuuliza nani kamfundisha maneno hayo. Mtoto akajibu kwa fahari kabisa, "Bibi." Binti yangu, ambaye ni mshauri wa saikolojia huko Singida mjini, akanipigia simu kwa ile sauti yake ya kuongea na wagonjwa.

"Mama, nakupenda. Lakini mtoto haji tena kwako Iguguno mpaka hiyo hasira uifanyie kazi."

Nikamtukana hapo hapo. Ndipo nikaona nimejiharibia mwenyewe.

Wiki mbili nilikuwa nakiona kiti kidogo cha mjukuu wangu pale mlangoni, roho inaniuma. Nikasalimu amri, nikampigia binti: haya, nifanye nini? Akasema nikae kila asubuhi, nizime simu, nifumbe macho, nihesabu pumzi moja mpaka kumi, kisha nianze tena. Eti watawa wa Kibudha wanafanya hivyo tangu zamani, na siku hizi hata wanasaikolojia wanasema hasira ni kitu kinachopita, usipokifuata kinakwenda zake. "Ukipotea, mama, rudi kwenye pumzi. Usijigombeze."

Kukaa bure asubuhi, wakati alizeti ziko uani zinasubiri kupigwa! Mimi ni Mlutheri, nikamuuliza kama kuna cha kuabudu hapo. Akasema hakuna, ni pumzi zako tu. Haya.

Wanasema akili ni tumbili anayerukaruka. Yangu ilikuwa banda la kuku. Moja, mbili, tatu, lile jogoo la jirani linadonoa alizeti zangu, nne, na jirani mwenyewe anajifanya halioni. Sikuwahi kuvuka nne. Tena ndani kwenye kochi nilikuwa nasinzia mpaka nakoroma. Siku ya kumi na tisa nikaamua kutoka nje. Upepo wetu wa Juni mnaujua ulivyo baridi, basi nikatandika mkeka uani, nikajifunika khanga kichwani, nikafumba macho.

Mtu yeyote wa kwetu ameshaona nilipokosea. Mwanamke aliyekaa mkekani asubuhi, khanga kichwani, hasemi kitu, huyo amefiwa. Jirani alipita akanisalimu. Sikumjibu, nilikuwa kwenye tatu. Na miaka yote hiyo hajawahi kunikuta nimenyamaza. Nikamsikia anasema "Yesu wangu!" kisha ndala zake zikakimbia.

Nilipofumbua macho, wanawake sita wameketi pembeni yangu. Mmoja ameshusha mzigo wa kuni, mwingine kaja na unga, wa tatu analia kwa Kinyiramba, tena kwa ufundi.

"Pole, dada," jirani akasema. "Ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyekufa."

"Hajafa mtu, kichwa maji wewe! Nahesabu pumzi!"

Upole wangu wa siku kumi na tisa ukaishia hapo. Yule aliyekuwa analia akanyamaza, na ndiye aliyeudhika kuliko wote. Lakini kuni zilishafika na unga ulishafika, wakabandika uji, huku wakinong'onezana kwamba labda nimechanganyikiwa. Hakuna aliyenidokeza kwamba jirani alishampigia binti yangu: njoo na mtoto, kwenu kuna msiba.

Tulikuwa tunakunywa uji bodaboda ilipoingia. Binti yangu akaruka kabla haijasimama, mtoto mgongoni, mguuni kiatu kimoja, yeye mwenyewe analia kilio ambacho sijakisikia tangu akiwa mdogo. Akaniona nimesimama na kikombe.

"Nilipiga simu," akasema. "Nikapiga, nikapiga, umezima. Mama, nilijua ni wewe."

Mtoto akachungulia begani kwake. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu."

Nikakaa naye binti yangu mkekani, kichwa chake kifuani kwangu, anahema. Nilitaka kumgombeza, kweli kabisa: mtu mzima anambebaje mtoto kwenye pikipiki namna ile? Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Mtoto alishakalia kiti chake mlangoni, anakunywa uji wa msiba. Jogoo la jirani lilikuwa linadonoa alizeti zangu.

Nikaanza kuhesabu pumzi za binti yangu. Nikafika kumi.